Pepo Mtoto Apiga Tromboni

Rafu yangu ya santuri ina sharti. Santuri ikitaka kukaa pale iwe ya Kimarekani, iwe ya funk, soul, rap, au jazi iliyoandamana nazo, na juu ya jalada lake liwepo neno la Kiswahili lililowekwa na mtu asiyekinyonya Kiswahili kwa mama yake. Sina nyingi, hazijafika hamsini. Nyingine nimeletewa na ndugu waliosafiri, nyingine nimeziagiza na kuzisubiri miezi, na chache zina mikwaruzo kiasi kwamba sindano huruka kama panzi. Ukiisoma migongo ya majalada yake kwa kufuatana utadhani ni imla ya darasa la nne: Kawaida. Taifa. Uhuru. Mwandishi. Nia. Zingalamaduni. Hapo kwenye la mwisho mwalimu angeshika kalamu nyekundu.

Santuri hizi zina wasikilizaji wa aina mbili, na wote wawili huzisikia nusu. Wa kwanza ni mwindaji, yule anayepekua maboksi ya santuri kuukuu Brooklyn, London au Tokyo akitafuta kile ambacho wenzake hawajakipata. Kwake neno la Kiswahili ni dalili: linamwambia kuwa santuri ni ya miaka fulani, ya watu wa siasa fulani, na kwamba huenda ilitolewa na kampuni ndogo kwa nakala chache. Neno lenyewe halisomi. Wa pili ni sisi. Mswahili akiona santuri hizi hufanya mambo mawili kwa mpangilio ule ule: anacheka, kisha anasahihisha. Nimewaonyesha marafiki zangu wengi, na sijampata aliyeanza na swali.

Nadhani zinastahili swali. Neno la Kiswahili kwenye santuri ya Kimarekani hufanya kazi fulani ndani ya muziki, na kazi hiyo inaweza kupimwa. Kuna santuri ambamo neno limepuliziwa tu kama manukato. Kuna ambamo neno limekuwa jina, na jina likambadili aliyeitwa. Na kuna chache ambamo neno linasema.

Tuanze na inayosema, hata kama ni jazi tupu na ilitangulia funk. Novemba 1960 mpiga piano Randy Weston alirekodi Uhuru Afrika, kazi ya sehemu nne kwa bendi kubwa, muziki ukiwa umepangwa na Melba Liston, mwanamke mpiga tromboni ambaye jina lake lingepaswa kujulikana zaidi. Sehemu ya kwanza inaitwa "Uhuru Kwanza". Humo shairi la Langston Hughes linasomwa kwa Kiswahili na Tuntemeke Sanga, Mtanganyika aliyekuwa New York wakati huo. Tanganyika yenyewe ilikuwa bado haijapata uhuru; ilibaki miezi kumi na mitatu. Anayesikiliza leo anasikia sauti ya mtu wa kwetu, matamshi ya kwetu, akizungumzia jambo ambalo lilikuwa bado halijatokea. Afrika Kusini makaburu waliipiga santuri hii marufuku, na sishangai. Sehemu ya nne inaitwa "Kucheza Blues". Liweke akilini neno hilo kucheza, tutalirudia.

Baada ya hapo Kiswahili kilipata kazi nyingine Marekani. Mwaka 1965 Maulana Karenga alianzisha huko Los Angeles shirika lililoitwa US, na mwaka uliofuata akaanzisha sikukuu ya Kwanzaa, yenye a moja zaidi ya ile tunayoijua, na nguzo zake saba: Umoja, Kujichagulia, Ujima, Ujamaa, Nia, Kuumba, Imani. Watu wameuliza mara nyingi kwa nini Kiswahili, wakati wengi wa waliovushwa Atlantiki walitoka Afrika ya Magharibi na ya Kati. Jibu lililotolewa lilikuwa kwamba Kiswahili si mali ya kabila moja, hivyo mtu aliyenyang'anywa kabila lake anaweza kukishika bila kuomba ruhusa ya mtu. Unaweza kulipinga jibu hilo kama historia. Kama ufafanuzi wa Kiswahili ni nini, ni sawasawa na tulivyofundishwa sisi wenyewe kwenye somo la uraia.

Sasa tazama tarehe zinavyopishana. Mwishoni mwa mwaka 1969 uongozi wa mkoa jijini Dar es Salaam ulipiga marufuku muziki wa soul, mwaka ule ule ambao Operesheni Vijana ilikuwa ikiwaandama waliovaa sketi fupi, mawigi na suruali za kubana. Soul ilihesabiwa uchafu wa kigeni. Disemba ya mwaka huo huo, Marekani, mpiga ngoma Albert Heath, akitumia jina la Kuumba, alirekodi santuri iitwayo Kawaida, pamoja na Herbie Hancock, Don Cherry na wengine, ikiwa na vipande vyenye majina kama "Baraka" na "Maulana". Kwetu, mtu mweusi wa Marekani alikuwa kwenye orodha ya vitu vya kufukuzwa. Kwao, sisi tulikuwa nyumbani.

Neno kawaida linafaa kutusimamisha. Mimi nikiulizwa habari za kazi ninajibu "kawaida tu", maana yake hakuna la kusimulia. Karenga alilichukua kama jina la falsafa nzima, kwa maana ya mila na desturi inayoshikwa kwa akili. Neno letu la uvivu kabisa likawa neno lao la kiapo. Ukiisikiliza santuri yenyewe ukiwa na maana zote mbili kichwani, inakuwa nzuri zaidi: filimbi, ngoma na kengele zikienda bila haraka, watu wakijifunza kufanya jambo jipya mpaka lizoeleke. Wanatafuta kawaida. Sisi tunayo na tunaijibia simu.

Gary Bartz na kundi lake la NTU Troop walitoa santuri mbili mwaka 1971, moja ikiitwa Taifa na nyingine Uhuru, zote zikiwa na sauti ya Andy Bey. Kwenye Uhuru kuna kipande kiitwacho "Uhuru Sasa". Kiweke kando ya "Uhuru Kwanza" ya Weston na utaona miaka kumi iliyopita katikati. Kwanza ni neno la mpangilio: tupate hili, mengine yatafuata. Sasa ni neno la mtu aliyechoka kupangiwa. Kipande kingine cha santuri hiyo hiyo kinaitwa "Vietcong", kwa hiyo hakuna haja ya kubahatisha hasira ilielekea wapi. Lakini kama mhakiki lazima niseme ninachosikia: kwenye Taifa jina linabaki juu ya jalada. Muziki ni mkali, Bey anaimba kama mtu anayehubiri kwenye kituo cha basi, ila ukilibadili jina ukaiita kitu kingine, hakuna noti itakayolalamika. "Uhuru Sasa" ndipo neno linaposhuka kutoka kwenye jalada na kuingia kwenye mwendo wa wimbo.

Niseme kwa nini hili linanigusa. Huko Brooklyn, kituo cha utamaduni kilichoitwa The East kiliendesha shule iliyoitwa Uhuru Sasa Shule. Sisi tungepanga maneno hayo vingine. Watoto wa Kimarekani walikaa madarasani humo wakijifunza maneno ya Kiswahili kama sehemu ya kuwa watu huru. Shule niliyosoma mimi, katika nchi ya Kiswahili, ilikuwa na kibao cha mbao chenye kamba. Mtoto aliyekamatwa akisema Kiswahili nje ya kipindi chake alivalishwa kibao shingoni, naye akakaa akiwinda mwenzake atakayekosea ili amvalishe. Nilikivaa zaidi ya mara moja. Ndiyo maana siwezi kucheka haraka nikiona Kiswahili kilichopinda kwenye jalada la mwaka 1971. Aliyekipinda alikuwa anakivaa shingoni kwa hiari.

Santuri iliyo bora kuliko zote kwenye rafu ni Mwandishi ya Herbie Hancock, iliyorekodiwa San Francisco siku ya mwisho ya mwaka 1970 na kutoka mwaka 1971. Hapa kila mwanabendi ana jina. Hancock ni Mwandishi. Buster Williams wa besi ni Mchezaji. Billy Hart wa ngoma ni Jabali. Eddie Henderson wa tarumbeta ni Mganga. Bennie Maupin wa filimbi na klarineti ya besi ni Mwile. Julian Priester wa tromboni ni Pepo Mtoto.

Niliipeleka Tanga nikampigia shangazi yangu, mtu wa Ngamiani, ambaye husoma jalada la kila kitu kabla hajakikubali ndani.

"Mwanangu, huyu wa mwisho nani?"

"Pepo Mtoto, shangazi. Anapiga tromboni."

"Pepo? Basi apungwe. Mganga wanaye?"

"Wanaye. Huyu hapa, wa tarumbeta."

"Haya. Weka tusikie."

Nilicheka, na kicheko kilipoisha nikaona kuwa shangazi amefanya uhakiki ambao sijauona popote. Waliotoa majina hayo waliwaza kwa Kiingereza. Pepo Mtoto ilikusudiwa kuwa roho changa, kitu chepesi cha kupendeza, hawakufikiria kupunga. Mwile ni mwili ulioteleza herufi, mwili wenye afya. Mchezaji ni kosa la kamusi: kwetu ala hupigwa, na anayecheza ni mwanasoka au mtu aliye katikati ya ngoma. Henderson kuitwa Mganga hakukuwa kosa hata kidogo, kwa kuwa alikuwa daktari kweli, aliyesomea udaktari na kutibu wagonjwa mchana huku akipiga tarumbeta usiku.

Sasa yaweke majina hayo pamoja kama shangazi alivyoyasikia. Kuna mganga. Kuna pepo. Kuna mwili, ambao pepo anaupanda. Kuna mchezaji, yaani anayecheza ngoma ikikolea. Kuna jabali, lisilotikisika, na huyo ndiye aliyekaa kwenye ngoma. Na kuna mwandishi wa kuyashuhudia. Hilo ni kundi zima la ngoma ya pepo kama inavyojulikana pwani, limepatikana kwa kamusi na bahati. Upande wa pili wa santuri una kipande kimoja tu, "Wandering Spirit Song", wimbo wa roho inayotangatanga, dakika ishirini na zaidi. Aliyeutunga ni Priester, yaani Pepo Mtoto mwenyewe. Unaanza taratibu sana, pumzi na shaba, kisha bendi inaanza kuchemka mpaka huwezi kujua nani anaongoza, kila ala ikipiga kelele yake, halafu inatulia tena. Yeyote aliyewahi kukaa pembeni ya ngoma ya namna hiyo anaujua mwendo huo: kuita, kupanda, kushuka.

Sisemi walikusudia. Ninasema jina lina kazi yake likishatolewa. Watu sita walioitana majina hayo barabarani, jukwaani na studio, usiku baada ya usiku, walianza kupiga muziki ambao majina yao ya zamani yasingeuruhusu. Upande wa kwanza unafunguliwa na "Ostinato", iliyotungwa kwa heshima ya Angela Davis, besi ikirudia msemo mmoja wa mapigo kumi na tano mpaka mguu wako unakata tamaa ya kuhesabu na kuanza kuufuata tu. Hiyo ni funk iliyoondolewa sakafu. Santuri haikuuza sana. Mwaka 1973 bendi ilivunjika kwa sababu za fedha, Hancock akatoa Head Hunters, ikauza mno, na Mwandishi ikabaki kitu cha wawindaji. Priester aliendelea na jina: santuri yake ya mwaka 1974, Love, Love, ina Pepo Mtoto kwenye jalada.

Kati ya waliosaidia kwenye "Ostinato" kuna mpiga ngoma kijana wa Los Angeles, Leon Chancler, aliyejiita Ndugu. Miaka hiyo Tanzania nzima ilikuwa ikiitana ndugu, kuanzia rais hadi karani, mpaka neno likachakaa. La kwake halikuchakaa. Ndugu Chancler ndiye aliyepiga ngoma kwenye "Billie Jean" ya Michael Jackson. Ile ngoma ya mwanzo, ambayo hakuna harusi ya Dar isiyoijua, imepigwa na Ndugu. Hilo sikulisoma kwenye gazeti lolote la kwetu.

Aliyempa Hancock jina la Mwandishi ni James Mtume wa Philadelphia, mpwa wa Kuumba Heath, aliyepitia shirika la Karenga. Hapa kicheko cha Mswahili kina sababu. Mtume kwa Mwislamu wa pwani ni mmoja, na akitajwa unamtakia rehema na amani. Kwa Mkristo wapo kumi na wawili, na orodha imefungwa. Mtume huyu aligonga konga kwenye bendi ya Miles Davis, akarekodi Alkebu-Lan pale The East kwa ajili ya Strata-East, kampuni ya wanamuziki wenyewe, kisha akaunda bendi ya funk iliyobeba jina lake. Mwaka 1983 bendi hiyo ilitoa "Juicy Fruit", wimbo wa mapenzi usiofichaficha chochote. Mtume akiimba mambo ya chumbani: sijathubutu kumpigia shangazi.

Kwenye "Juicy Fruit" jina halifanyi kazi tena. Limebaki kama nembo ya kampuni. Lakini wimbo una nafasi pana, ngoma ya mashine na besi zikipishana kwa adabu, na mwaka 1994 nafasi hiyo ilikaliwa na kijana wa Brooklyn, Notorious B.I.G., akasimulia juu yake jinsi alivyotoka kwenye dhiki. Kwa njia hiyo ndefu, safari iliyoanza na vijana waliojipa majina ya Kiswahili ikaishia kwenye moja ya nyimbo za rap zinazopendwa kuliko zote, bila neno lolote la Kiswahili kubaki ndani yake.

Mwaka huo huo wa 1994 Arrested Development wa Atlanta walitoa Zingalamaduni. Walikuwa wametoka kwenye santuri ya kwanza iliyouza mamilioni. Hii haikufika popote, na leo ni ya kuokota kwenye maboksi ya bei poa. Jina, walisema, ni Kiswahili, maana yake mzinga wa utamaduni, mzinga wa nyuki. Limepoteza m mbele na uta katikati, na lile la halina mwenyewe. Kalamu nyekundu iko tayari. Lakini hebu fikiri daladala ilipatikanaje, au Bongo yenyewe. Dar tunakata maneno, tunayapindua, tunayaunganisha, na wataalamu wetu wanayaita misimu na kuyaandikia tasnifu. Zingalamaduni ni msimu wa Atlanta. Na santuri inajitahidi kulistahili jina: sauti nyingi kwa mpigo, waimbaji wakimpokea mghanaji neno katikati, mzee mmoja kundini kwa ajili ya uzee wake, kituo cha redio cha kubuni kinachofungua mlango. Ni mzinga kweli. Kasoro yake ni ya mizinga yote: ukikaa karibu muda mrefu unasikia mvumo kuliko nyuki. Nusu ya pili inahubiri, na nyimbo zinaanza kufanana.

Wakati wao wakihangaika na neno la kwetu, vijana wa Dar walihangaika na muziki wa kwao. Saleh Jabir alikuwa amekwisha toa kanda ya rap ya Kiswahili mwaka 1991, akiutia wimbo wa Vanilla Ice maneno mapya, na Kwanza Unit walifuata. Walianza kwa kuiga, pamoja na makosa ya kuiga, na hakuna anayewatoza kodi kwa hilo. Tunawaita waasisi. Haki hiyo hiyo ninaidai kwa mzinga wa Atlanta.

Manukato nayo nimeyataja, nisiyaache bila mfano. "Liberian Girl" ya Michael Jackson, 1987, inafunguliwa na maneno ya Kiswahili yanayosemwa na Letta Mbulu, mwimbaji mkubwa wa Afrika Kusini. Msichana ni wa Liberia, msemaji ni wa Afrika Kusini, lugha ni ya kwetu, na hakuna kati ya hao watatu anayehitaji mwenzake. Ni wimbo mzuri. Kiswahili humo ni harufu ya mbali, na ukiyaondoa maneno yale hakuna kitakachoanguka. Hauna nafasi kwenye rafu yangu, kwa sharti lile lile: halipo kwenye jalada.

Mwenye kutaka kuanza asianze na orodha za wawindaji, ambazo hupanga santuri kwa uhaba. Aanze na Uhuru Afrika asikie lugha ikisema, kisha Kawaida asikie lugha ikijifunza kutembea, kisha upande wa pili wa Mwandishi, sauti ya juu, dakika zote ishirini bila kushika simu. Ukifika pale bendi inapochemka na huelewi nani yuko wapi, kumbuka majina: jabali yuko chini, mchezaji yuko kando yake, mganga anaita, na yule anayelia kwa shaba nzito ni pepo. Ikiwa jirani atagonga kuuliza kuna nini humo ndani, mjibu kwa Kiswahili sanifu: kawaida tu.